Anwani Iko kwa Jina la Nani?

Wazazi wenzangu wenye mabinti, someni hii mpaka mwisho. Mimi bado nina hasira, na hasira yangu ina sababu.

Binti yangu ni fundi wa nguo. Siku hiyo alikuwa duka la kutoa kopi, watu wamejaa hadi mlangoni, mashine zinanguruma, wino unanuka. Alivaa gauni la njano aliloshona mwenyewe, mabega wazi (nililisema gauni hilo, hakunisikia), na futi ya kupimia inaning'inia shingoni kwa kusahau. Alikuwa anagombana na kompyuta. Barua pepe yake ya bure imefungwa, na picha za magauni ya wateja zote zimo humo.

"Dada, ukiipiga haitafunguka," sauti ikasema nyuma yake.

"Nani kakwambia naipiga? Naipapasa."

"Basi ina bahati."

Akageuka. Kijana mrefu, shati la buluu limepigwa pasi vizuri, waya umechungulia mfukoni. Kumbe fundi wa mitandao, kaja kutengeneza mashine za duka.

"We Waya, mfuko wako unamwaga matumbo."

"Na wewe Futi, hapa unampima nani?"

Foleni nzima ikacheka, na majina yakawashika hapo hapo. Tangu siku hiyo nikawa nasikia simu hadi cherehani inanyamaza. "Sema, Waya wangu." "Futi wangu, umekula?" Kana kwamba mimi nyumbani simpi chakula!

Waya ndiye aliyeleta habari ya anwani. "Mpenzi, anwani ya bure ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akiamka vibaya, anakufungia. Tununue jina lako mwenyewe mtandaoni, barua ziingie kwa jina la duka lako."

Maneno mazuri. Lakini kampuni za kuuza majina ziko nyingi, na yeye akachukua ile yenye ofa kubwa kuliko zote. Hakuuliza ukipata shida nani anapokea simu. Na vibao vya kuelekeza barua zifike wapi, navyo akaviacha kwa kampuni hiyo hiyo, mayai yote kapu moja. Kisha jina akaliandikisha kwa jina lake yeye, eti akaunti alikuwa nayo tayari.

Nikamuuliza binti, "Mwanangu, hati iko kwa jina la nani?"

"Mama, hii si nyumba."

"Kama si nyumba, mbona mlisema mnahama chumba cha kupanga?"

Akacheka. Mama mshamba, ndivyo alivyoniona.

Jambo moja Waya alimfundisha vizuri, na ndilo lililotumaliza. "Futi, barua ikikwambia bonyeza hapa haraka la sivyo utafungiwa, hao ni wezi. Futa." Akamtii. Laiti angenitii mimi hivyo.

Ikaja kazi kubwa. Hospitali ilitaka sare za wauguzi wa wodi zote. Binti akapeleka mfano, wakausifu, wakasema jibu litakuja kwa barua pepe. Hapo nikamng'ang'ania hadi akapiga simu.

"Waya, niwekee ile anwani kwa jina langu."

"Huniamini?"

"Wewe nakuamini. Kesho ndiyo siiamini."

"Hayo ni ya mama."

"Hata kama ni ya mama!"

"Sawa," akajibu, na simu ikakatika. Wakanuniana. Cherehani ikafanya kazi mpaka ikapata moto.

Kisha barua hazikuja tena, hata moja. Mama mmoja wa stoo ya hospitali akapiga simu: "Dada, jibu letu limerudi. Linasema anwani yako haipo."

Mwanangu akaiacha nguo chini ya sindano. Akampigia Waya.

"Umenifungia!"

"Nimekufungia nini?"

"Nimeomba jina langu, ukaniadhibu. Na kazi yangu unaitupa!"

"Futi, mimi ndiye unayenidhania hivyo?"

"Usiniite Futi."

Mama mwenzangu, hapo nilikuwa tayari kumvunja mtu miguu.

Kesho yake akaja mwenyewe, shati bila pasi, kompyuta kwapani. "Shikamoo mama." Nikamtupia marahaba. Akaiweka kompyuta juu ya cherehani, juu ya kitambaa cheupe cha sare.

"Soma. Mwenye jina ni nani?"

Binti akasoma jina lake, la baba yake, mpaka la babu yake. "Ulibadilisha lini?"

"Siku ile ile uliyoomba. Nilinuna, sikukwambia. Nikasema utaona mwenyewe." Akakuna kichwa. "Lakini kampuni haikukuandikia uthibitishe kuwa sasa mwenye jina ni wewe? Usipothibitisha, wanafunga."

"Waliandika bonyeza hapa haraka, la sivyo tutafunga..." Sauti ikapungua. "Nikafuta. Wakaandika tena. Nikafuta tena."

"Futi! Kwa nini?"

"Si wewe uliyenifundisha?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi machozi. Mimi sikucheka. Mmoja kanuna, mwingine katii, kazi ya mwanangu iko hewani! Tukatafuta simu ya kampuni, hawana simu. Tukawaandikia, wakasema jibu wamelituma. Wapi? Kwenye anwani ile ile waliyoifunga! Mtu anakufungia nyumba, kisha ufunguo anauacha ndani.

Waya akamfungulia binti anwani nyingine ya bure, akawapa kampuni hiyo, wakathibitisha, jina likarudi. Hospitali ilikuwa imeshawapa wengine wodi zote, ikamwachia mwanangu ya wazazi tu. Hilo sitalisahau.

Baadaye wakalihamishia jina kampuni nyingine, na safari hii aliyechagua ni binti. Alipiga simu mwenyewe, mtu akapokea, akaulizwa, akajibu. Vibao vya barua wakavipeleka kampuni ya tatu. Akaunti ni yake, neno la siri ni lake, na anwani ya kumwokoa akifungiwa iko nje kabisa.

Siku walipomaliza, Waya akasimama mlangoni, shati limepigwa pasi.

"Futi, nina neno."

"Liandike. Anwani unaijua."

Akabonyeza bonyeza. Simu ya binti ikalia juu ya cherehani. Akaifungua, nikachungulia begani: *Thibitisha kuwa utakuwa mke wangu. Bonyeza hapa.*

Hakufuta. Hakubonyeza pia. Alitazama aliyetuma, akatazama tena, kisha akampigia simu, na mtu mwenyewe yuko mbele yake.

"Hallo. Hii barua umetuma wewe?"

"Mimi, mpenzi."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Basi nimebonyeza."

Posa nimeipokea. Lakini siku wanakwenda kuandikisha ndoa, nitatangulia mbele, nisome karatasi ile jina kwa jina kabla mwanangu hajashika kalamu.