Nani Aliwaambia Wakaguzi?

Kila asubuhi Khamphoui alikula wali wa kunata na pilipili ya kusaga, kisha akapanda pikipiki kwenda kazini. Alisimamia mazoezi ya kufundisha katika chuo cha ualimu cha mji mdogo, kaskazini mwa Laos. Siku hizo aliondoka bila kula.

Ripoti ya wakaguzi ilikuwa imefika. Ilisema wanachuo hufundisha vizuri somo moja tu, lile ambalo watoto wa shule ya mazoezi wamekwisha kulikariri. Wakipewa darasa jingine, hukwama. Chuo kiandike mpango wa maboresho. Usipokubaliwa, hakitapokea wanachuo wapya mwakani.

Khamphoui hakujiuliza kama ni kweli. Alijiuliza nani aliwaambia. Alimshuku Vilayvanh, mkufunzi kijana, kwa sababu alimwona akizungumza na mkaguzi nyuma ya bweni. Tangu hapo Vilayvanh akiingia ofisini, Khamphoui hufunika karatasi zake. Wakufunzi wakicheka barazani, huona wanamcheka yeye. Mpango akauandika peke yake, mlango umefungwa.

Jumapili shemeji yake Bouakham, mkufunzi wa chuo kingine, alikuja kumtembelea nyumbani. Aliwahi kuandika mpango kama huo. Khamphoui akampa wake ausome.

"Tutaongeza juhudi. Tutaimarisha nidhamu," Bouakham akasoma. "Nani ataongeza, shemeji? Lini?"

"Sisi sote."

"Sote ni kama hakuna mtu. Na tatizo lenyewe mbona silioni?"

"Nikiliandika, nitakuwa nimewapa ushindi wambea."

"Mwaka jana nilitazama somo chuoni kwenu. Mtoto alijibu kabla hajaulizwa. Hapo mkaguzi anahitaji mmbea wa nini?"

Khamphoui akachukua mpango wake, akausoma tena.

"Andika tatizo kama lilivyo," Bouakham akasema. "Kisha andika mtabadili nini, nani atafanya, mwisho lini, na mtajuaje kwamba mmefaulu. Uandike na wenzako. Ndio watakaoutekeleza."

"Hata yule aliyetuchongea?"

"Hata huyo nyoka wako."

Jumatatu Khamphoui aliwakusanya wakufunzi. Hakuweza kujizuia. "Vilayvanh, ni wewe uliyewaambia?"

"Ni mimi. Waliniuliza, nikajibu. Wewe hujawahi kuniuliza, Mwalimu."

Chumba kizima kilitazama sakafu. Khamphoui akafungua kalamu.

"Haya. Nakuuliza sasa. Tufanye nini?"

"Wanachuo waende shule za vijijini, wafundishe masomo mapya kwa watoto wasiowajua. Sisi tukae nyuma, kisha tuzungumze nao."

Wakaandika hivyo. Vilayvanh atatafuta shule kabla ya muhula kuanza. Khamphoui atatazama masomo kila wiki. Watajua wamefaulu mwanachuo akiweza kufundisha somo ambalo watoto hawakulikariri.

Mpango ulikubaliwa. Muhula ulipokaribia kwisha, mkaguzi alirudi, akaenda nao kijijini. Mwanachuo aliuliza swali. Hakuna mkono ulioinuka. Khamphoui akadhani wameaibika. Kisha msichana mmoja akajibu, akakosea. Jirani yake akampinga, na darasa zima likaingia katika ubishi, mwanachuo akiwaongoza. Mkaguzi aliacha kuandika, akasikiliza.

Mwaka uliofuata chuo kilipokea wanachuo wapya. Siku ya kwanza Khamphoui aliwaambia, "Mtoto akikujibu haraka mno, usifurahi kwanza. Muulize amejuaje."