Namba Kumi na Tatu Ilikuwa Bia Yangu

Nilipiga funda la kwanza, nikaishusha glasi mezani.

Ile bia ilikuwa yangu...

Sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa yangu mimi Afra, niliyoipika kwa mikono yangu stoo, na sasa nilikuwa nimeimimina kutoka kwenye chupa ya mtu mwingine.

Mume wangu Veit alikaa mbele yangu na glasi yake, macho mezani.

"Mbona kimya?" akaniuliza.

"Naonja."

"Ni nzuri?"

"Nzuri. Nzuri kuliko ile yetu?"

Akakohoa. Akanyanyua glasi tugonganishe, lakini hakunitazama machoni. Na kwetu, mtu akigonganisha glasi na wewe bila kukutazama machoni, ujue kuna jambo.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ndugu zangu.

Kijijini kwetu Desemba haiendi bila kalenda ya Majilio, ile ya kuhesabu siku hadi Krismasi. Watoto wanafungua vijidirisha vyao wanakuta chokoleti. Sisi wakubwa tuna ya kwetu. Nyumba ishirini na nne, kila moja inapika bia yake, chupa zinapelekwa ukumbini, tunagawana. Unarudi nyumbani na bia za kijiji kizima, unazipanga kwenye kabati lenye milango midogo, kila jioni unafungua mlango mmoja. Ukifungua kabla ya siku yake, bora ungeonekana umelewa kanisani.

Chupa hazina majina. Zina kikaratasi cha namba shingoni basi, na namba yako humwambii mtu wa nje ya nyumba yako, hata awe mama mzazi. Tukishaonja tunaandika maoni kwenye grupu, na hapo hakuna huruma. Siku ya kuamkia mkesha wa Krismasi tunakutana, namba ishirini na nne tunaionja hapo hapo ukumbini, na kila mwenye namba anasimama. Bia iliyopendwa kuliko zote inapikwa Januari kwenye jiko kubwa la kijiji, watu wote wakitazama, na nyota yenye jina la mpishi inatundikwa mlangoni kwake.

Nyota hiyo niliitaka, jamani. Nilikuwa naiota.

Mimi nimeolewa hapa kutoka bonde la pili. Tangu nifike naitwa mke wa Veit, kama vile sikubatizwa. Nyota ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mama Kreszenz. Kaichukua mpaka watu wamechoka kumpigia makofi, na mwiko wake sikuwahi kuruhusiwa kuugusa.

"Bia iko kwenye damu, binti," alikuwa akiniambia. "Ninyi wa kule mna damu ya maziwa."

Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Mti wa plamu wa marehemu baba ulikuwa umekauka, nikaukata, nikakausha kimea changu kwa moshi wa kuni zake. Hakuna mtu mwingine mwenye moshi ule. Bia ikatoka nyekundu, ikaacha uchungu kidogo kooni, halafu kwa mbali unasikia tunda.

Tukapiga kura ya namba, tukapata sita. Veit akasema atapeleka kreti mwenyewe.

"Wewe pumzika, mpenzi. Napitia na kreti ya Mama, na Roswitha kaomba lifti."

Roswitha ni jirani yetu. Mjane, mcheshi, midomo myekundu hata akienda kulisha kuku. Mnanielewa.

Ilipofika siku ya namba sita, tulifungua chupa yetu wenyewe, ambayo Veit alikuwa ameibakiza nyumbani. Tamu mpaka nikafumba macho. Nikachukua simu nisome sifa zangu.

"Namba sita ni maji ya kuoshea sufuria."

"Aliyepika hii tumwombee."

"Nimempa mbwa, kanitazama vibaya."

Nililia hadi pua ikaziba. Veit akanikumbatia, akanifuta machozi kwa mkono wa sweta lake.

"Hawa watu hawajui bia, Afra. Achana nao."

Kumbukeni hilo kumbatio. Mimi silisahau.

Wiki iliyofuata ikafika kumi na tatu. Grupu likawaka moto. "Hii ndiyo nyota!" "Huyu mpishi nampigia magoti." Nikafungua na mimi, nikanywa... na mengine mmeshayasikia.

Sikupiga kelele. Niliosha glasi, nikazifuta, nikazirudisha kabatini. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza hesabu. Veit alibadilisha vikaratasi garini. Bia yangu kampa mtu, na uchafu wa huyo mtu kaubandika namba yangu. Na ndani ya gari alikuwa na nani? Roswitha.

Kuanzia hapo nikawa natazama tu. Roswitha akipita dirishani, namtazama Veit. Veit akicheka na simu, nalitazama dirisha la Roswitha. Kila jioni tunafungua mlango, tunaonja, tunasema hii ina asali, hii imechachuka, kama mke na mume wa kawaida. Na kila jioni glasi zinagongana, macho yake yako kwenye povu.

Siku ya kukutana nikavaa gauni langu la kijani. Ukumbi ulinuka soseji na makoti ya sufu yaliyolowa theluji. Mzee Alfons, mwenyekiti, akaanza kuita.

"Namba sita!"

Nikasimama. Vicheko vikaanza nyuma, vikaja mbele.

"Afra, mwanangu," akasema Mzee Alfons, "ile ilikuwa bia, au ulichemsha tambi ukasahau kumwaga maji?"

Watu wakapiga meza. Veit alikuwa anakata soseji vipande vidogo sana.

Nikakaa. Nikangoja.

"Namba kumi na tatu!"

Nikageuka kumtazama Roswitha. Roswitha alikuwa anatafuna, wala hakujisogeza.

Kiti kikakwaruza sakafu nyuma yangu.

Aliyesimama alikuwa Mama Kreszenz.

Ukumbi mzima ukanyanyuka. Mama akapokea nyota, akaibusu, akasema kwa sauti ya kanisani, "Niliwaambia. Bia iko kwenye damu."

Halafu akaja kwangu na glasi yake. Akaigonganisha na yangu, akanitazama machoni, kavu kabisa.

"Nyamaza, binti," akaninong'oneza huku anatabasamu kwa watu.

"Mama... unajua?"

"Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii ladha wala harufu. Lakini macho ninayo. Bia yangu povu lake jeupe. Hili lina rangi ya siagi."

"Ulimtuma Veit?"

"Sikumtuma, na sikumuuliza."

"Na mimi je?"

"Wewe bado kijana. Una Desemba nyingi mbele."

Akapita kwenda kukumbatiwa.

Njiani kurudi, Veit akaongea peke yake mpaka darajani. "Niliionja ya kwake, Afra. Ilikuwa takataka, na yeye hajui. Ningemwacha achekwe uzeeni?"

"Ukaniacha nichekwe mimi."

"Wewe una moyo mgumu. Utapona."

"Nilidhani una mwanamke. Roswitha."

Akashusha pumzi, akacheka kabisa, kama vile kaniletea habari njema. "Unaona sasa? Hakuna mwanamke."

"Bora angekuwa Roswitha. Roswitha ningemng'oa nywele. Mama yako nimng'oe nini?"

 Tulipofika mlangoni akanishika mkono, sauti laini.

"Januari utamsaidia, eti? Usimame pembeni tu, umwelekeze. Na kile kimea chako cha moshi kipo bado, si ndiyo?"

Hapo ndipo ndoa yangu ilipoisha, ndugu zangu. Si pale alipoiba. Ni pale aliporudi kuomba kilichobaki.

"Mwambie apike," nikamjibu. "Si iko kwenye damu?"

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nikafunga magunia yangu ya kimea kwenye sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, nikayavuta hadi kituo cha basi, nikaenda kwa dada yangu bonde la pili. Mlango wa mwisho wa kalenda niliuacha umefungwa.

Januari jiko la kijiji likawashwa, Mama Kreszenz akapika mbele ya watu wote. Bia ilipoiva watu wakapanga foleni. Roswitha ndiye aliyenipigia simu.

"Shoga, sijui nikwambieje. Mzee Alfons kanywa, kaitema, kauliza mbele ya Mama mwenyewe: hii si ndiyo namba sita?"

Sikucheka. Nilidhani ningecheka.

Wewe unayenisoma, mtu wako akikuomba unyamaze ili mwingine asiumie, muulize kwanza wewe kakuhesabu kama nani. Asipokutazama machoni, jibu umeshapata. Fungasha.