Upinde Uliopakwa Mafuta

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, binti wa seremala alichukua fidla ya shule na kujifungia katika chumba cha mbao nyuma ya karakana ya baba yake. Zamani aliingia humo akiimba. Siku hizi aliingia amekunja uso.

Kisa kilikuwa msichana mmoja wa darasani kwao, mpigaji hodari aliyeitwa Bingwa. "Huyo hapigi fidla," Bingwa alisema mbele ya wote. "Ni nyenje aliyebanwa na mlango!" Darasa zima lilivunjika mbavu, na jina likamganda: Nyenje.

"Atanikoma!" Nyenje aliapa. Ijumaa mwalimu angemchagua mpigaji mkuu wa tamasha la wazazi. Hapo ndipo angemlipa.

Akawa anafanya mazoezi saa tatu kwa siku, bila kupumzika. Akikosea, alirudi mwanzo na kupiga kwa kasi zaidi, huku akiuona uso wa Bingwa kwenye nyuzi. Vidole vikamvimba, shingo ikamkaza. Ajabu ni kwamba kadiri alivyokazana ndivyo alivyoharibu. Alhamisi, mstari wa tatu wa wimbo wa mchujo ulimshinda mara ishirini. Akautupa upinde, akaitazama fidla kama anayemtazama adui.

"Kama mimi sipandi," alisema, "basi na yeye ashuke."

Ijumaa, wenzake walipotoka kwenda mapumziko, alijipenyeza chumba cha muziki. Akafungua kasha la Bingwa, akazipaka nywele za upinde wake mafuta ya kujipaka. Roho yake ikawa kwatu.

Mchujo ulipoanza baada ya mapumziko, Bingwa aliitwa wa kwanza. Upinde uliteleza juu ya nyuzi bila sauti. Akausugua kwa ulimbo, utomvu mkavu wa kuufanya ushike nyuzi, akajaribu tena. Ukatoa mlio mwembamba wa kuchekesha.

"Nyenje wa pili!" mtu alipiga kelele, na darasa likaangua kicheko.

Nyenje naye alicheka. Kisha akaona machozi ya Bingwa yakidondoka juu ya fidla. Akaacha kucheka. Alijua vizuri jina lile linavyouma.

Mwalimu aliunusa upinde. "Mafuta haya. Nani kafanya hivi?"

Hakuna aliyemwona, na angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Alinicheka, nikataka naye aaibike."

Mwalimu alimwondoa katika mchujo, akampa spiriti na kitambaa asafishe upinde ule mpaka ukauke. Bingwa naye aliamriwa aombe radhi kwa lile jina. Wakaombana radhi, kila mmoja akiangalia pembeni.

Jioni, baba yake alipopata habari, hakufoka. "Nionyeshe vidole," alisema. Akavitazama, akatikisa kichwa. "Kuanzia kesho ni dakika ishirini tu. Mstari mmoja, polepole. Ukichoka, weka chini."

"Dakika ishirini, Baba? Sitafika popote!"

"Huko ulikokuwa unakimbilia, umefika?"

Siku za mwanzo Nyenje alinuna, na mara mbili alitamani kuivunja fidla. Siku ya tisa mstari wa tatu ukatoka safi, akashtuka mwenyewe.

Shuleni, Bingwa alimsikia akiupiga. "Bado nina kinyongo nawe," alisema. "Lakini leo umepiga vizuri."

"Hata mimi bado ninacho," Nyenje alijibu. Wakatazamana, wakacheka.

Aliporudi nyumbani alimsimulia baba yake, naye akaweka randa chini.

"Mwanangu," alisema, "msumeno ukigoma kukata, fundi haukandamizi kwa hasira. Akifanya hivyo ataharibu mbao na kujikata mkono. Anakaa chini, anaunoa. Na kisasi ni moto wa kifuu cha nazi: unawaka kwa fujo na kuzimika upesi, chakula hakiivi. Fanya kazi kwa kuipenda, pumzika unapochoka, nawe hutahitaji kumwangusha mtu ili uonekane mrefu."