Nyama Ile Ni ya Chui Milia

Kila asubuhi Lhaden aliwakamua ng'ombe wake watatu. Akimaliza, mumewe, Gyembo, huwaachia waende msituni peke yao, juu mlimani. Jioni hurudi wakipenda. Wasipopenda, hulala hukohuko.

Siku moja jirani yao, Phub, alikuja mbio.

"Jamani! Chui milia kaua ng'ombe wenu bondeni!"

Lhaden alijishika kichwa. Lakini Gyembo alichukua panga na kikapu. Kijijini kwao watu hawachinji, maana kuua ni dhambi. Ila chui milia akiua ng'ombe, kila nyumba hupata nyama.

"Kachinja mwenyewe, sisi tunakula tu," Phub alicheka. "Dhambi ni yake!"

Waliibeba nyama yote. Hawakuacha hata mfupa.

Siku ya nne, chui milia akaua ng'ombe wa pili.

Sasa alibaki ng'ombe mmoja tu, Yangki, naye ana mimba. Akiuawa huyo, hakuna tena maziwa wala siagi.

"Safari hii natia sumu kwenye mzoga," alisema Gyembo kwa hasira. "Aje ale, afe!"

"Na ile dhambi uliyoikimbia juzi?" Lhaden alimuuliza.

Gyembo akaitoa chupa ya sumu, akaiweka kizingitini.

Mchana huo alifika Rinzin, bwana misitu, baada ya kusikia habari. Kabla ya kuketi, alimpokea Lhaden ndoo ya maji.

"Mama, ng'ombe wa kwanza mlimfanyaje?"

"Tulimla, mwanangu."

"Basi mlimpokonya chui chakula chake. Ng'ombe mmoja humtosha siku nyingi. Mkimwondolea, njaa humrudisha."

"Kumbe tumemwita wenyewe!" Lhaden alishangaa.

"Na sumu haichagui, baba," Rinzin alisema akiitazama ile chupa. "Itaua mbwa na tai pia. Tena chui milia wamebaki wachache. Wakiisha, nani atapunguza nguruwe mwitu?"

"Nguruwe? Wale wezi wa mahindi yangu?" Gyembo aliruka. "Hapana! Sasa tufanye nini?"

"Mzoga uacheni. Yangki mchungeni mchana. Usiku alale kwenye zizi imara, karibu na nyumba."

Mara wakaja majirani na vikapu. Gyembo akasimama katikati ya njia.

"Rudini! Nyama ile ina mwenyewe."

"Umerogwa?" Phub alinuna. Lakini alirudi.

Siku tatu walijenga zizi. Rinzin naye alibeba magogo hadi mabega yakachubuka. Kila asubuhi Gyembo alimfuata Yangki malishoni.

"Umemchumbia huyo ng'ombe?" Phub alimtania.

"Heri nimfuate akiwa hai kuliko nimbebe kikapuni!"

Miezi miwili ikapita. Chui milia hakuua tena. Ndipo Rinzin akapanda mlima akihema, mkononi ana picha. Ilipigwa na kamera iliyofungwa kwenye mti.

"Mama, tazama!"

Lhaden alitazama. Chui milia jike amesimama mtoni. Nyuma yake, watoto wawili!

"Masikini, kumbe alikuwa mzazi!"

"Lhaden! Njoo!" Gyembo alipiga kelele zizini. "Yangki anazaa!"

Walikimbia wote. Ndama alidondoka kwenye majani makavu, akayumba, akasimama. Jike! Lhaden alilia na kucheka. Phub alichungulia juu ya uzio, akamtazama ndama, kisha akazitazama nguzo.

"Gyembo, ndugu yangu," alisema taratibu, "nguzo hizi mlizichimbia chini kiasi gani?"