Sabufa ya Saa Arubaini

Magharibi ilikuwa yakaribia Mejumaa alipokwenda Ndia Kuu kumleta fundi Chirau. Sabufa yake mpya, ya kupigia muziki harusi za wanawake, ilikuwa na mdundo usio wa wimbo wowote. Na kesho ana harusi ya kupigia, mtaa wa Kuze.

"Umeifanya nini?" Chirau akauliza, akivua viatu mlangoni.

"Nimeizoeza. Saa arubaini, sauti ya chini, ilainike. Kwani ngoma mpya haioteshwi moto?"

"Ile ni ngozi, dada. Hii yatoka kiwandani imeshapikwa. Watu hubishana bure tu. Kinachozoea si spika, ni sikio lako."

Neno lilimpata Mejumaa penyewe.

Siku zile mbili za kuizoeza, shangazi yake alikuwa mgonjwa chumba cha ndani, sauti imemkauka. Akitaka kitu, hugonga ukuta kwa bakora mara tatu. Mejumaa akamfungia mlango, eti mgonjwa asisumbuliwe. Mgonjwa gani! Alitaka saa zake zitimie. Siku ya pili akasikia du, du, du. Akajisemea, sabufa hiyo, yalainika. Akaendelea kukuna nazi.

Alipofungua mlango, bakora i mkononi, na mkono umeshapoa.

Majirani aliwaambia shangazi amekufa usingizini. Wakamsifu kwa kumtunza. Sifa zile akazila, tena kwa kijiko.

Sasa Chirau akachomoa waya ukutani. Taa ya sabufa ikazimika.

Ukumbi ukanuka mafuta ya karafuu, yale ya kukandia miguu ya mgonjwa...

Du.

Du.

Du.

Chirau akaweka kiganja juu ya spika. Akakiondoa polepole.

"Haitikisiki," akanong'ona. "Dada... sauti haitoki humu."

"Sema yatoka humo. Chirau, babangu, nakuomba. Sema tu."

Chirau alikuwa ashaanza kupapasa viatu vyake.

"Aliniita," Mejumaa akasema. "Nikajitia kudhani ni sabufa."

"Ukajitia?"

"Nilijua ni yeye. Mwaka mzima naitwa, naitwa... Siku ile nikasema, leo na angoje."

Chirau akatoka, kiatu kimoja mguuni, kimoja kwapani. Hata kuaga hakuaga.

Du.

Du.

Mejumaa hakuingoja ya tatu. Akaitika, kama mwana wa watu aliyelelewa aitikavyo mkubwa wake:

"Labeka, shangazi."

Kimya.

Hata kunguru wa barazani wakanyamaza.

Kisha chumba cha ndani kitanda kikalia, kwii... kwii... kama mtu anayejisogeza ukutani kumpisha mwenziwe alale.

Na kitanda chenyewe kilishatolewa sadaka tangu juzi.