Mbwa Aliyenyimwa Kunguruma

Baba wa babu yake alikuwa fundi wa kufuli. Babu yake alikuwa fundi wa kufuli. Baba yake naye, ambaye hakupata kuitwa mbele ya hakimu hata siku moja, alikuwa fundi wa kufuli. Mume aliyefungiwa nje na mkewe aliwaita wao. Wakaja, wakafungua mlango, wakafunga midomo, wakaenda zao. Waliyoyaona ndani ya nyumba za watu walizikwa nayo. Ndugu zangu, huo ndio ukoo aliotoka Fundi Mkubwa, na mwenye ukoo bora kuliko huo na ajitokeze.

Asubuhi ya mkasa wenyewe ilianza kwa utulivu. Fundi Mkubwa, ambaye alikwisha kumwachia mwanawe meza ya kazi, alikaa kibarazani akilainisha ufunguo wa shaba kwa tupa. Mwanawe, Fundi Mdogo, alikuwa amebana kufuli kuukuu kwenye jiliwa. Mkwewe, mke wa Fundi Mdogo, alifagia vumbi la chuma. Mjukuu wake wa pekee, binti wa miaka saba waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa akiwasimulia wote ndoto yake kwa mara ya tatu. Chini ya meza alilala Komeo, mbwa wa rangi ya kahawia, akijikuna sikio la kushoto. Akajikuna tena. Hakuna aliyemtazama.

Hapa sina budi kusimama kidogo nilitaje kosa. Komeo alipokuwa mdogo alikuwa akinguruma mteja anapomkanyaga mkia, au mtu anapomsogelea akila. Kila aliponguruma, Fundi Mdogo alimchapa kandambili ya pua. "Nyumba hii haina mpayukaji," alisema. Fundi Mkubwa aliona, akacheka, akaridhika. Baada ya miezi michache mbwa akawa kimya kabisa, na wateja wakasifu: "Kwenu hata mbwa anatunza siri." Sifa ile iliwavimbisha vichwa baba na mwana. Hawakujiuliza mbwa aliyenyang'anywa onyo atabakiwa na nini. Atabakiwa na meno.

Mkwe peke yake ndiye aliyekuwa na macho. "Baba," alimwambia Fundi Mkubwa siku ile, ufagio mkononi, "sikio la Komeo linanuka. Na kadi yake ya chanjo imepitwa na mwaka mzima."

"Mbwa hujitibu kwa kulala," alidakia mumewe. "Ungekuwa daktari ungekuwa umevaa koti jeupe."

Fundi Mkubwa alipuliza vumbi la shaba. Aliendelea na tupa yake.

Komeo alipowekewa chakula, Chiriku aliinama akamkumbatia shingoni, shavu lake likaligandamiza lile sikio. Mbwa akakakamaa. Akageuza uso pembeni. Akaramba midomo. Kwa lugha ya mbwa alikuwa amekwisha kuomba mara tatu. Hakunguruma, maana hilo alikatazwa. Akamuuma mkono, penye kidole cha shahada.

Fundi Mdogo alimvuta mbwa akamfunga mnyororo, kisha akarudi na kitambaa. "Tumfunge jeraha, Baba, yaishe humu humu. Wakisikia mbwa wa fundi ameuma, nani atatuletea kufuli?"

"Fungua bomba."

"Baba, sisi ukoo wetu hausemi."

"Ukoo wetu huficha siri za watu. Hili ni jeraha la mtoto. Fungua bomba, mwanangu, nisije nikakukumbusha nani alimzaa nani."

Maji yakafunguliwa. Mzee aliuosha ule mkono kwa sabuni, chini ya maji yanayotiririka, robo saa nzima, mtoto akilia na mama akimshika mabega. Kisha wakaenda zahanati watatu, mchana kweupe, wakipita mbele ya kila duka. Muuguzi alisafisha tena, akamdunga Chiriku chanjo ya kichaa cha mbwa, akamwandikia siku za kurudi.

"Mbwa msimuue," akaonya. "Mfungieni mumtazame siku kumi. Akibaki mzima, tutajua hakuwa na kichaa alipouma. Akifa au akibadilika, nileteeni habari siku hiyo hiyo."

Waliporudi walikuta watu wamejaa mlangoni. Jirani yao, muuza rangi, alikuwa mbele na rungu.

"Mzee, tupishe," alisema. "Mbwa akishaonja damu ya mtu hana dawa."

"Nani alikwambia? Mbwa mwenyewe?"

Watu wakacheka. Muuza rangi hakucheka. "Kwa hiyo mnyama ni bora kuliko mjukuu wako?"

Fundi Mkubwa alipanda ngazi mbili, akasimama katikati ya mlango.

"Ninamtetea huyo huyo mjukuu. Mkimpiga mbwa leo na kumzika, mama yake atajuaje kama aliuma kwa kichaa au kwa maumivu? Na lingine mlisikie nyote, maana nimelinyamazia miaka mitatu. Mbwa huyu alikuwa akituonya. Tulimpiga mpaka akaacha. Kandambili ilikuwa ya mwanangu, kicheko kilikuwa changu. Anayetaka kumpiga mwenye kosa, rungu analo, nami nimesimama."

Hakuna aliyesogea. Fundi Mdogo, aliyekuwa kando ya mnyororo, aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza hakumwomba baba yake anyamaze.

"Haya, Fundi," alisema muuza rangi, akishusha rungu. "Lakini siku ya kumi nakuja kuangalia."

"Njoo na ya tisa. Sina la kuficha."

Komeo alifungiwa chumba cha stoo, akipewa maji na chakula kwa tahadhari. Daktari wa mifugo alikuja na kifunga mdomo, akalisafisha sikio. Kilichotoka humo ni kishada cha mbegu za majani, na usaha wa wiki nyingi. Siku ya kumi mbwa alikula akamaliza. Mkwe alikaa chini palepale sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza.

Chiriku yu hai. Lakini kidole chake cha shahada hakikunjiki tena sawasawa, na tupa ndogo, ile ya meno ya funguo, hushikwa kwa kidole hicho.

FUNZO

Mbwa anaponguruma anasema kweli. Ondoka, mwondoe mtoto, kisha tafuta kinachomuudhi. Ukimpiga kwa onyo lake, hukumfundisha adabu. Umemfundisha kuuma bila kubisha hodi. Anayekula, anayelala na anayeugua hakumbatiwi, hata awe mpole namna gani. Chanjo yake haingojei upate nafasi. Na akiuma, ni maji na sabuni, kisha zahanati siku hiyo hiyo, majirani waseme wanalotaka.

Najua wapo watakaosema huyu msimulizi mzee amekosa kazi, sasa anahubiri habari za mbwa. Waseme. Mimi sitanyamaza ili nionekane mstaarabu. Nanyi vijana mnaofuga kwa kuwa jirani anafuga, wekeni chini mlichoshika, mwende mkamtazame mbwa wenu masikio, na kadi yake muisome tarehe. Siwaombi. Nawaagiza.