Plasta Kwenye Tepurekoda

Wasomaji watukufu, mimi Mabrouk, mwanafunzi wa bweni, natangaza rasmi kuwa nimesalitiwa!

Nimesalitiwa mchana kweupe, mbele ya msichana ninayempenda...

Aliyenisaliti ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilirudi likizo Mji Mkongwe nikiwa nimenyoosha suruali kwa pasi. Wanu, jirani yetu na ndiye msichana mwenyewe, nikamsalimia kwa Kiingereza cha shule. Akaniuliza kama nimemuona Jaku.

Jaku ni mtoto wa ami yangu. Hajui hata kufunga tai! Ila anapiga udi na kuimba, na Wanu akimsikia husahau chungu jikoni hadi kiungue.

Wivu ukaniingia mpaka kwenye kucha.

Ikaja harusi ya dada yake Wanu. Alasiri ile nyumba ilikuwa ya wanawake watupu, mwanamme haingii. Mama yao, Bi Kazija, alikuwa anataka wimbo wa Jaku, basi Jaku akaurekodi kwenye tepurekoda ya baba yangu. Wimbo uingie, yeye abaki nje.

Na nani alipewa kazi ya kuipeleka mashine hadi mlangoni?

Mimi.

Ndani ya mashine ile mna gurudumu dogo la mpira linalobana utepe na kuuvuta. Likienda sawa, sauti hutoka sawa. Nikabandua plasta iliyokuwa kidoleni mwangu, nikachana kipande, nikakibandika kwenye mpira. Sasa kila gurudumu likizunguka, utepe ungejikwaa, na sauti ingepanda na kushuka kama ya mlevi.

Kisha nikamwita rafiki yangu Simai, tukakaa barazani chini ya dirisha.

"Sikiliza," nikamwambia. "Leo utamsikia mbuzi akilia."

Wimbo ukaanza. Udi ukayumba. Sauti ya Jaku ikazama, ikaibuka, ikatetemeka... Simai akajiziba mdomo kwa kanzu.

Nikatega sikio dirishani. Nikasubiri kicheko.

Kikaja kilio!

Halafu vigelegele. Bi Kazija akaamuru urudiwe, na uliporudiwa akaamuru tena. Wanawake wakawa wanaulizana kijana huyu ameumizwa na nani.

Kesho yake Wanu akaturudishia mashine. Jaku alikuwa kwetu, anafunga nyuzi za udi.

"Jaku, ulifanyaje ile sauti? Kama mtu anaimba chini ya maji."

"Sijui, Wanu. Mimi niliimba kama siku zote."

Wanu akatabasamu. Kumbe na mnyenyekevu pia!

Wasomaji, hapo ndipo pa kunyamaza. Hakuna aliyenishuku. Ningekunywa chai yangu nikaondoka salama. Lakini kuiona kazi ya mikono yangu ikimpa mwengine tabasamu lile...

"Ile sauti nimeitengeneza mimi," nikasema. Nikafungua mashine, nikawaonesha plasta.

Wanu akainama, akaitazama.

"Kwa hiyo ulitaka kuupamba wimbo wa ndugu yako?"

"Naam. Ni ufundi wa kisasa."

"Ahsante. Na yule mbuzi uliyemuahidi Simai?"

Nikaifunga mashine haraka.

"Dirisha lilikuwa wazi, Mabrouk. Na mimi ndiye niliyekaa na mashine."

Jaku hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alicheka, akaniomba plasta nisiibandue, maana ameshaitiwa harusi nyengine Chukwani na wanataka wimbo uyumbe vile vile.

Funzo ni hili: ukimharibia mtu kwa wivu, uwe na ubavu wa kunyamaza akisifiwa. Mimi sikuwa nao.

"Sasa sema kwa nini ulifanya," Wanu akaniambia.

"Wivu," nikanong'ona.

"Sema Jaku asikie."

Nikasema. Sauti yangu ikapanda, ikashuka, ikatetemeka... na plasta ilikuwa bado ndani ya mashine.